Wembe wa Mkono wa Pili

Kinyozi wa karibu na stendi walimbandika jina la Wembe Mpya, kwa sababu kila mteja alifunguliwa wembe wake mbele ya macho yake. Watu walisema ana mikogo. Mikogo gani! Alikuwa anaishi na virusi vya ukimwi, na alijiapiza kwamba hakuna atakayetoka kwenye kiti chake na ugonjwa.

Ila wembe uliokwisha kumnyoa mteja hakuutupa. Alikwenda nao nyumbani, akajinyolea ndevu. Mkewe, aliyekuwa akimeza dawa za virusi kama yeye, aliwahi kuguna.

"Mama watoto," alimjibu, "sisi ya kwetu tunayo tayari. Watatuambukiza nini tena?"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Miaka ikapita. Macho yake yakageuka manjano, tumbo likajaa maji, akaenda hospitali.

"Ukimwi umeudhibiti vizuri sana, mzee wangu," daktari alimwambia. "Hiki ni kirusi kingine, cha homa ya ini aina ya C. Kinapita kwenye damu, na ini lako kimeshalila sana. Umewahi kutumia wembe wa mtu mwingine?"

Kinyozi aligeuka kutazama mlangoni. Nje, kwenye benchi, mkewe alikuwa akimsubiri, kichwa kimenyolewa kipara kinachong'aa. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimnyoa, kama kawaida yao, kila alipomaliza ndevu zake, kwa wembe ule ule.

"Daktari," alisema, "mwite na mama watoto."