Tepu Niliyoizungusha Kutoka Juu

Mtakaonicheka, chekeni tu, nimestahiki. Nilikuwa fundi wa redio za upepo, zile za kuitana kwa sauti, na kituo cha afya cha Kisiwa Panza nilikifungia antena mimi. Kiungo cha waya nilikizungushia tepu nyeusi kutoka juu kushuka chini, nikaondoka nikijiona bingwa.

Masika yalipoanza, redio ikawa inakoroma tu. Nikaitwa. Bila hata kupanda ngazi nikamwambia nesi, Bi Saumu, mbele ya wagonjwa: "Unabonyeza vibaya, Bi. Redio haitaki pupa." Nikaenda zangu.

Wiki ile ile mzazi mmoja alizidiwa na uchungu. Bi Saumu aliita redioni, hakusikika. Akampakia kwenye boti akamvusha mwenyewe mpaka hospitali. Alhamdulillahi, mama na mtoto walirudi wazima.

Niliporudi kituoni nilimkuta Bi Saumu juu ya ngazi, watu wamejaa uani. Alibandua tepu yangu, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Akashuka, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hata makuti huezekwa kuanzia chini. Weye umeanzia juu, kila pindo likakinga maji na kuyaingiza ndani."

Mume wa yule mzazi akauliza, "Nani kafunga hivi?"

Bi Saumu alinitazama. "Mvua za mwaka huu kali, bwana," akajibu.

Mimi niliyemfedhehesha, yeye ananisitiri! Mpaka leo namshukuru. Nikasema wote wasikie:

"Nimefunga mimi. Na Bi Saumu hakubonyeza vibaya hata siku moja."