Siku Niliyomficha Achieng

Juzi niliona picha ya familia moja ya Marekani iliyopinga utumwa, ikawaficha watumwa waliotoroka na kuwasomesha, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kijijini kwetu Rodi Kopany. Mwalimu alikuwa ametusimulia habari zao. Mimi nilidhani mtumwa ni yeyote anayetumwatumwa, basi nikamficha binamu yangu Achieng, yatima aliyetumwa na shangazi kutwa nzima. Nilimwingiza chini ya kitanda cha nyanya, penye harufu ya omena, wale dagaa wakavu wa ziwani.

Shangazi alikuja akifoka. "Mama, Achieng yuko wapi?"

Achieng akapiga chafya.

"Yuko kwangu," nyanya akasema. "Harudi huko tena. Kesho anaanza shule."

Shangazi aligeuka akaenda zake. Nilijiona shujaa. Leo najua nyanya alikuwa akingoja tu mtu wa kuanza kumtetea.