Mluzi wa Maksai Ziwani

Dukani Kahama, muuzaji alipokunjua turubai jipya, harufu yake ilinirudisha ziwani.

Tulikuwa familia tatu za wafugaji kwenye mitumbwi mitatu, tukienda kutembea visiwani kwa sababu tu baba alitaka kujua huko kuna nini. Matanga yetu yalikuwa maturubai. Baba alishika mkono wa usukani, akauvuta upande aliotaka kwenda, kama anavyovuta kamba ya maksai shambani, huku akiupigia mtumbwi mluzi uleule wa maksai. Mtumbwi ukaelekea upande mwingine, kwenye mawe.

Mvuvi aliyetuongoza akapaza sauti kutoka mtumbwi wa mbele, “Mzee, sukuma kule usikotaka kwenda. Huyo si maksai.”

Baba akasukuma, bado anapiga mluzi. Tukageuka, mawe yakapita karibu sana hadi nikaona konokono walioshikamana nayo.

“Baba, mtumbwi umetii usukani au mluzi?” nikamuuliza.

Akafikiri. “Sijui,” akasema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Akanisogezea usukani. “Hebu jaribu wewe, tuone.”

“Mita ngapi?” muuzaji aliuliza tena, na hapo nikagundua nilikuwa napiga mluzi.