Nafasi Tatu

Mama hakuniuliza. Kila ninapokumbuka mambo haya ninaanzia hapo, na mpaka leo yananiwasha. Nilitoka shule nikamkuta msichana wa rika langu amekalia kigoda changu kando ya jiko, anakunywa uji kwa kikombe changu cha bati, na mama ananiambia, "Huyu ni dada yako. Atakaa na sisi."

Alikuwa mtoto wa mama mdogo, ndugu yake mama, aliyekuwa amefariki huko nyumbani, kwenye milima ya magharibi tulikotoka kuja Kericho kutafuta kazi ya chai. Nilimwonea huruma, sikatai, mpaka uji ulipoisha. Kisha akapewa kulala upande wa ukuta, karibu na mama, eti kwa sababu alikuwa anashtuka usingizini. Mimi nikasukumwa ukingoni ambako blanketi halifiki, na baridi ya Kericho mnaijua.

Chumba chetu pale laini, kambi ya wafanyakazi wa chai, kilikuwa kimoja. Baba alikuwa mtu wa zamu kiwandani, kwa hiyo mara nyingi tulikuwa mimi na mama tu, nami nilikuwa nimezoea kuwa na mama mzima. Sasa nilikuwa na kipande. Shule zikifungwa tulikwenda kumsaidia shambani, na yule ndiye aliyesimama karibu na kikapu chake. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, wala hakuna siku nyapara alimwaga chai yake kwa kuwa mbaya. "Angalia mwenzako," mama alikuwa akiniambia. Nilikuwa nimemwangalia mpaka macho yananiuma.

Ndipo mama akatuandikisha sote wawili kwa mafundisho ya ubatizo. Kanisani kwetu, siku ya ubatizo kila mama alikaa na mtoto wake kwenye mabenchi ya mbele, na padri akimwita mtoto, mama anainuka naye na watu wote wa kambi wanatazama. Nilitaka kitu hicho kuliko nilivyotaka mbinguni. Nilitaka mama ainuke na mimi, watu waone mtoto wake ni nani. Nikaapa kwamba katika mafundisho hayo nitampita yule msichana, apende asipende.

Katekista wetu alikuwa mzee Mkipsigis, mpole, mchumaji chai kama mama. Jambo lililomtoa jasho kufundisha lilikuwa Utatu Mtakatifu. "Paba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho ni Mungu," alisema kwa matamshi ya kwao, "lakini sio miungu tatu. Mungu ni moja, nafasi tatu." Nasi tukaitikia kwa sauti, "Nafasi tatu!" Siku moja alichuma chipukizi mlangoni akatuonyesha vile majani mawili na kile kidogo cha juu vinavyotoka kwenye kikonyo kimoja. Wenzangu wakasema aaah. Mimi niliona tu kale kadogo kalivyojikalia katikati, kamekumbatiwa huku na huku, nikajua kabisa kananikumbusha nani.

Lakini neno nafasi nililishika. Nafasi tuliijua sote. Nyapara akisema ofisini kuna nafasi, watu wazima wanakimbia. Kuna nafasi ya kulala, na nafasi ya kupanga foleni kwenye mzani. Kwa hiyo niliuelewa Utatu, na niliuelewa peke yangu, wakati wenzangu walikuwa wanaimba kama kasuku. Kwa Mungu kuna nafasi tatu, na kila mmoja ana yake. Hakuna anayekalia kigoda cha mwenzake, ndiyo maana hawagombani, na wasipogombana wanakuwa kitu kimoja. Mwana alitoka akaja huku duniani akakaa miaka, na aliporudi akakuta nafasi yake iko vile vile, haijapewa mtoto wa mtu. Mimi nilikwenda shule asubuhi moja tu.

Tukirudi kutoka mafundisho, yule msichana aliniuliza, "Sasa hao watatu wanakuwaje mmoja?" Nikamwambia asome. Sikumpa jibu langu. Kikombe alikuwa nacho, mama alikuwa naye, hilo lilikuwa langu.

Siku ya mtihani padri alikuja. Alikuwa mzungu mwenye Kiswahili cha kitabu, kila neno limepigwa pasi. Wazazi walisimama mlangoni kusikiliza. Akamwita yule kwanza. "Katika Mungu mmoja kuna nafsi ngapi?" Sisi hatukuwa tumewahi kusikia neno nafsi. Yule msichana alimtazama padri mdomo, akasema vile vile alivyosikia, "Nafsi tatu, Fada." Padri akatabasamu. Nikaita jina la Mungu vibaya moyoni.

Nilipoitwa mimi nilijibu kwa nguvu, "Nafasi tatu!"

"Nafsi," akasema padri.

"Nafasi," nikasema.

"Nafasi ni kitu gani, mtoto?"

Aliuliza mwenyewe. Nikamweleza yote, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nikamwambia habari ya kila mmoja na pake, kwamba Roho hakalii kigoda cha Mwana, wala Mwana halali upande wa ukuta wa Roho, wala Baba hamwambii mmoja amwangalie mwenzake. Padri akaondoa miwani, akasema polepole kwamba Mungu si nyumba, na kwamba mimi nitangoja kundi lijalo.

Tulitembea kurudi laini katikati ya chai bila neno. Karibu na bomba la maji mama akasema, bila kunitazama, "Hayo ya kigoda yalikuwa ya kanisani?" Yule msichana alikuwa nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza hakuja kutembea ubavuni mwa mama.

Jumapili ya ubatizo nilivaa sare yangu ya shule nikakaa nyuma kabisa, pamoja na wenye watoto wachanga wanaolia. Yeye alikuwa mbele katika gauni jeupe, amegusana bega na mama. Gauni lilimkaa vizuri. Nilitafuta kasoro kwenye upindo sikuiona, maana mama alikuwa ameushona kwa mkono wake. Wimbo ulinishinda kwa wivu.

Kabla padri hajaingia, yule msichana aligeuka akatafuta watu kwa macho mpaka akaniona. Akasogea. Hakusogea kuelekea kwa mama, alisogea mbali naye, akapiga benchi kwa kiganja katikati yao wawili. "Kuja," akasema, na kanisa zima likasikia. "Nafasi iko."

Nilikwenda kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Nilikaa, na mama akanishika mkono. Ningefurahi, lakini nilichosikia ni hasira mpya. Katekista alikuwa amenifundisha, padri alikuwa amenifelisha, mama alikuwa ameninyamazia, na kumbe mtu pekee aliyesikia nilichosema siku ile ni huyu aliyenikalia kila kitu. Hata hapo alikuwa amenipita. Ananikaribisha karibu na mama yangu mwenyewe!

Padri akamwita. Mama akaniachia mkono, akainuka naye, wakaenda mbele, na watu wote wa kambi wakatazama. Nikabaki katikati ya benchi, kulia wazi, kushoto wazi. Mama mmoja aliyechelewa, amelowa mvua, akaja pembeni akaanza kujishusha upande wa kushoto, pale alipokuwa amekaa yule msichana.

Nikaweka kiganja changu juu ya ubao. Ulikuwa bado na joto lake.

"Pole, mama," nikamwambia, na kwa hasira nilikuwa karibu kulia. "Hapa pana mwenyewe."