Ukuta wa Kanyosha na Picha Yangu ya Suti

Siku hizi majirani zangu wa Mutanga Nord wakipata tatizo la mahakama huja kwangu kabla ya kwenda kwa wakili, na hawakosei. Mimi niliondoka Bujumbura na begi moja, nikaosha vyombo ughaibuni, nikasoma baada ya kazi, nikarudi na diploma ya ufundi wa majokofu yenye mhuri wa rangi ya dhahabu. Vyumba vya baridi vya wauza samaki wengi mjini hapa vimepita mikononi mwangu. Lakini sheria sikuisoma darasani. Nilijifunza kwa ajili ya kinjia cha shangazi yangu, chenye upana wa hatua mbili tu.

Shangazi, aliyenilea, anakaa Kanyosha. Nyumba yake iko nyuma ya kiwanja cha jirani mmoja, fundi seremala, na ili afike barabarani lazima apite kinjia kilicho kati ya jiko lake na kiwanja hicho. Mpaka ulikuwa mstari wa miyenzi, ile miti isiyo na majani inayotoa maziwa meupe ukiivunja. Niliporudi nikaitazama ilivyopinda na kujaa vumbi, nikaona haifai kwa nyumba ya shangazi wa mtu kama mimi. Nikaleta vibarua wawili, wakaing'oa yote asubuhi moja. Nilipanga kupanda maua.

Kabla sijapanda, nikaitwa Rumonge kwa kazi ya wiki tatu. Nikarudi nikakuta ukuta wa matofali umejengwa hadi karibu na jikoni. Jirani alikuwa ameacha nafasi ya paka kupita. Shangazi, na goti lake bovu, sasa alikuwa anazunguka kupitia korongo, na mvua zilikuwa zinakaribia.

"Mi sina karatasi ya mpaka, mwanangu," aliniambia. "Ile miyenzi ndiyo ilikuwa karatasi."

"Usijali, shangazi. Yule mtu atalala jela."

Kesho yake nikavaa suti ya kijivu, nikatia diploma kwenye plastiki, nikaenda moja kwa moja mahakama kubwa. Sikuona sababu ya kuanzia kwa wadogo. Karani, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akasoma barua yangu ya kurasa sita bila haraka.

"Kaka, unataka nini hasa?"

"Jirani afungwe."

"Amepiga mutu?"

"Apana."

"Ameiba?"

"Ameiba njia."

Akavua miwani. "Iyo si jinai, kaka. Jinai ni pale serikali inamushitaki mutu, anaweza kufungwa. Yenu ni madai: watu wawili wanabishania haki, hakimu anasema iko ya nani. Na kesi ya kinjia inaanzia chini, kule kwenu. Uku kwetu utakuja na rufaa, kama umeshindwa."

"Mi sishindwi."

"Basi atutaonana tena," akasema, akanirudishia kurasa zangu sita.

Nikashuka hadi mahakama ya chini. Huko wakaniuliza: wapatanishi wa mtaa wamesemaje? Karatasi yao iko wapi? Nikashuka tena. Wapatanishi walikuwa watatu, mmoja wao fundi viatu mwenye gundi vidoleni, na walitupokea katika darasa la shule ya msingi, sote tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Wakamwomba jirani aache njia ya mtu kupita.

"Mpaka iko wapi?" akajibu. "Munionyeshe!"

Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Wakaandika kwamba upatanisho umeshindikana, wakatia sahihi, na kwa karatasi ile mlango wa mahakama ukafunguka. Nikajiandikisha kama mdai. Karani wa pale akalifuta jina langu.

"Kiwanja ni cha nani?"

"Cha shangazi."

"Basi mudai ni shangazi. Jirani ni mudaiwa. We ni shahidi tu, na shahidi anangojea inje."

Nikangojea nje, na suti yangu, nikisikiliza sauti ya shangazi kupitia dirishani. Alizungumza vizuri kuliko mimi, lazima nikiri. Mwishoni hakimu akasema atakuja mwenyewe kuona mahali.

Alikuja amevaa mabuti ya mvua, pamoja na karani wake na daftari. Nusu ya mtaa walikuwa wamefika kabla yake. Jirani akaanza.

"Mheshimiwa, miyenzi ilikuwa inagusa jikoni yake. Njia akukuwa. Alikuwa anapita kwangu, namwachia kwa roho muzuri."

Hakimu akaniita, akaniapisha, akafungua barua yangu. "Umeandika hapa kwamba miti ilitoweka. Miti aitoweki. Nani aliing'oa?"

Nilimwangalia shangazi. Yeye alikuwa anaangalia ukuta. Nilijua nikikwepa hapo, hakuna neno langu lingine litakaloaminiwa, na yeye ataendelea kushuka korongoni.

"Ni mimi, mheshimiwa."

Kicheko kikapasuka. "Diaspora!" mtu akapaza sauti. "Amechana karatasi ya shangazi yake!"

"Ilikuwa imesimama wapi?" hakimu akauliza.

Hapo ndipo nikakumbuka simu yangu. Kabla vibarua hawajaanza, nilikuwa nimepigwa picha kuwatumia rafiki zangu wa ughaibuni waone kazi nitakayofanya: mimi na suti ya kijivu, nimetandaza mikono kama mwenye nchi, kidole kimoja kikigusa ukuta wa jikoni na kingine kikigusa muyenzi. Wengine husema kujisifu ni kasoro. Mimi kulinifaa.

Hakimu akaitazama picha, akanitazama mimi. "Simama vilevile."

Nikajibana kwenye ile nafasi ya paka, nikagusa ukuta wa jikoni kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia haukunyooka. Kiwiko kiligonga matofali. Hakimu akamwonyesha jirani picha. Jirani akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema suti ile ni nzuri. Karani akapima, akaandika.

Hukumu ikasomwa baadaye: ukuta uvunjwe, njia irudi. Lakini hukumu haivunji ukuta siku hiyohiyo. Mdaiwa alipewa muda wa kukata rufaa kwenye mahakama kubwa, kwa yule mama wa miwani, na sisi tukahesabu siku huku mvua zikianza. Kila asubuhi nilikuja na viatu vyangu vya ngozi kumshika shangazi mkono korongoni, na kila asubuhi nilimwuliza jirani kama anakwenda mjini na rufaa yake.

"Niende nikapigane na ile picha?" alinijibu siku moja. Muda ukaisha, akautoa ukuta mwenyewe, tofali kwa tofali.

Nikapanda vipande vya miyenzi kwa mikono yangu, mstari ulionyooka kuliko ule wa zamani. Mtu yeyote anaweza kwenda kuangalia. Nilipomaliza, shangazi akatoka jikoni na kitenge chake kipya, akasimama katikati ya kinjia, akatandaza mikono.

"Sasa nipige na mi," akasema. "Na utunze iyo simu."