Simu ya Mama Mkwe na Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukitaka kunipata hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, huna haja ya kupiga simu, piga hodi tu. Mke wangu husema hata mbuzi wetu wametembea kuliko mimi, na siwezi kubisha, maana mmoja wao aliwahi kupatikana ng'ambo ya mto akila mihogo ya watu. Nilimaliza sekondari, nikapewa diploma ya serikali, ndivyo kwetu kinavyoitwa cheti cha sekondari, nikaileta nyumbani, na tangu siku hiyo mimi na diploma hatujatoka tena.

Lakini kukaa nyumbani nako kuna cheo chake. Juu ya bati letu kuna pano ya kuvuna umeme wa jua, na ndani kuna batri pamoja na konvertisere, kile kisanduku kinachougeuza umeme wa batri ufae kuchomekwa vitu. Kwa kuwa nipo siku zote, majirani huniletea simu zao nizichaji. Na kwa sababu hiyohiyo kompyuta ya kwaya ilikuja kuishi kwangu. Kwaya ya bamama, yaani akina mama, wa kanisa letu ilitaka chombo chao kikae kwa mtu asiyetembea. Jina langu lilipotajwa, niliambiwa, hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kupinga.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na nyimbo zao. Walizirekodi katika sebule yangu, magodoro yamesimamishwa madirishani kuzuia ngurumo za pikipiki, kuku wamefungiwa jikoni, na jirani mwenye kinu ameombwa atwange kesho. Zilipomalizika, kwaya ilitangaza kwamba Jumapili ya sikukuu yao, wageni kutoka Kazimia wakiwepo, zitasikika kwa mara ya kwanza kwenye spika za kanisa. Nakala nyingine haikuwepo. Mimi ndiye niliyesema haina haja. Kompyuta iko kwangu, itakwenda wapi?

Na sauti ya mbele katika nyimbo zote ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Hapo msomaji asiye wa kwetu anivumilie kidogo. Kwetu mtu na mama wa mke wake huheshimiana kwa umbali. Hatuli mmoja machoni pa mwenzake, hatupeani mkono, hatukai chumba kimoja. Siku za kurekodi nilikuwa nabonyeza kitufe halafu nakimbilia nje kwa mlango wa nyuma, ndipo yeye aingie kwa ule wa mbele. Akija kututembelea anakaa chini ya upenu wa jiko, ameupa mlango wangu mgongo, nami nabaki ndani. Neno likiwepo linapita kwa mke wangu, hata kama sote watatu tunasikia.

"Mwambie mukwe yangu namusalimia!" anasema, kwa sauti inayofika ziwani.

Mke wangu anageuka. "Mama anakusalimia."

"Mwambie mama niko salama."

Na yeye, aliyesikia kila neno, anangoja aletewe.

Ugonjwa wa kompyuta uliingia kwa flashi. Flashi za mji huu zinatembea kuliko wachuuzi: asubuhi iko saluni, mchana iko studio ya picha, jioni iko kwangu inaomba muziki. Mojawapo ilikuja na virusi, na wiki ile ya sikukuu niliamka nikakuta folda ya nyimbo imegeuka. Jina lilikuwepo, pembeni yake kamshale kadogo, lakini nikibofya haifunguki. Kamshale kalikuwa kananicheka.

Mdogo wa mke wangu, shemeji yangu, amesomea mambo ya kompyuta na anafanya kazi katika bureau moja, ofisi ya mafundi wa kompyuta, huko juu milimani, Fizi-Centre. Alinitumia antivirusi kwa simu, pamoja na onyo: ikianza kusafisha, usiizime. Nikaiingiza. Ilianza vizuri sana. Kila ilichokiona kibaya ikaniuliza kifutwe, nami nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi. Mwishoni ikasema lazima kompyuta ijizime, ijiwashe na kumalizia usafi. Nikakubali. Kioo kikawa buluu, kanukta kakaanza kuzunguka.

Hapo konvertisere ikalia.

Kila mwenye nyumba Baraka anajua: konvertisere ikilia, umeme wa batri unakwisha; ng'oa kitu upesi, la sivyo utaua batri. Haturudi nyuma kufikiri. Mkono huenda wenyewe. Siku hiyo kulikuwa na vitu viwili tu vya kung'oa. Kimoja ni kompyuta, ambayo batri yake ya ndani ilikufa zamani na inaishi kwa waya. Cha pili ni rallonge, ule waya wa kurefusha wenye matundu mengi, iliyojaa simu, na juu kabisa simu ya mama mkwe, na mwenyewe yuko chini ya upenu anaingoja ijae, kwa sababu dada yake wa Kazimia atampigia kuhusu wageni.

Mkono wangu ulikwenda kwenye rallonge. Nje, mama mkwe akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha vumbi, lakini mkono wangu ulirudi kama umeguswa na moto. Nikang'oa kompyuta.

Mtu mwenye akili angezitoa simu za majirani moja moja na kuiacha ya mama mkwe. Akili hiyo ilinijia kesho yake.

Jua lilipopanda nikairudishia waya na kuiwasha. Kioo kilibaki cheusi, na juu kabisa mistari miwili ya herufi nyeupe, kwa Kiingereza. Nikazima, nikawasha. Mistari ileile. Nikaipuliza vumbi. Nikaiacha ipumzike. Nikabonyeza kila kitufe, hata vile ambavyo sijui vimewekewa nini. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza kama nyimbo ziko salama, nikamwambia zimelala. Akasema, "Kulala gani kwa macho wazi?" Ndipo nikampigia shemeji.

"Shemeji, ordinatere inakataa kuamuka."

"Uliizima?"

"Mi? Hapana. Ilizimika."

"Yenyewe?"

"Iko... nilitosha waya." Kwetu kutosha ni kutoa.

Nikasikia anawaambia wenzake wa bureau, halafu kicheko cha watu wengi.

"We bwana ya dada yangu! Munganga akishapasua mugonjwa tumbo, akifika katikati, unamunyang'anya kisu?"

"Konvertisere ililia."

"Acha ilie! Batoto banalia kila siku, unabazima?"

Mashemeji kwetu wana ruhusa ya kutaniana, na yeye ruhusa hiyo anaitumia yote bila kubakiza ya kesho. Alipochoka kucheka aliniambia niweke sikio kwenye kompyuta.

"Unasikia nini?"

"Inanguruma polepole, sawa mama mukwe akikasirika."

"Ile nitamwambia mama."

"Shemeji, tafazali!"

"Kama inanguruma, disiki iko muzima. Ni mulango tu njo umeharibika. Mashini inaamuka, haijue ianzie wapi, sawa mutu amelala ugenini. Lakini sikia: usiipeleke kwa bale bafundi ba sokoni. Bale, kila ugonjwa, dawa yabo ni kufuta yote na kuanza upya. Bakiigusa, nyimbo za mama zimeisha. Ilete hapa."

"We si ushuke?"

"Mi niko na kazi. We uko na nini? Panda."

Panda! Neno jepesi kwa mtu anayekaa Fizi. Mke wangu alikuwa ameshafunga kompyuta ndani ya blanketi kabla sijamaliza kutafuta sababu. Kwa kuwa mikono miwili niliihitaji kumshika dereva wa pikipiki, aliniwekea mgongoni, akanifunga kwa kitenge chake, fundo likaja kifuani. Nikatoka Baraka nimebeba mtoto.

Barabara ile sitaieleza. Wanaoijua viuno vyao vinakumbuka. Nitasema tu kwamba kila shimo nililihisi mara mbili, mara moja kwa ajili yangu na mara moja kwa ajili ya sauti za bamama mgongoni. Tulipofika kwenye kizuizi, askari aliinama akatazama kitenge.

"Baba, mutoto iko mugonjwa?"

"Iko mugonjwa."

"Ya nini?"

"Virusi."

Alirudi nyuma, akaishusha kamba upesi, akatupungia mkono tupite. Dereva alicheka hadi kilima cha kwanza.

Fizi-Centre kuna baridi, na shemeji alinipokea mlangoni pa bureau na wenzake wote, kama mjumbe. "Mama mwenye mutoto amefika!" Walinifungua fundo kwa heshima. Kompyuta ikawekwa mezani, shemeji akachomeka flashi yake yenye mfumo mdogo wa kuazima, akabonyeza kitufe fulani mara nyingi kama anayeua mbu, na kioo kikawaka. Si yetu iliyoamka, alinieleza. Ilikuwa inatembea kwa miguu ya ile flashi. Lakini sasa tungeweza kuchungulia ndani.

Akafungua disiki. Akafungua mahali nilipomwambia.

Hapakuwa na kitu.

Nilitazama weupe ule. Kamshale kenyewe hakakuwepo tena. Nikakumbuka zile ndiyo zangu zote, nikaona jinsi nilivyoendelea kusema ndiyo hadi nikawafuta bamama wa watu mmoja mmoja. Nikafikiria Jumapili, wageni wamevaa, mchungaji anageukia spika. Nikafikiria ule mgongo chini ya upenu. Nikakaa kwenye kiti cha mteja.

"Antivirusi imekula," nikasema.

"Imekula ile mushale," akasema shemeji, bila utani safari hii. "Mushale njo ilikuwa virusi. Folda yenyewe, virusi iliificha. Ngoja."

Alibofya sehemu mbili tatu, akaweka alama kwenye kijisanduku, na folda ikatokea, rangi yake imepauka kama nguo iliyofuliwa sana. Akaifungua. Nyimbo zilikuwemo, zimejipanga, hakuna aliyetoroka. Kabla ya kugusa kitu kingine alizinakili kwenye flashi moja, kisha kwenye nyingine, kisha kwenye kompyuta ya bureau. Nikaona aibu kidogo: kumbe kazi ile haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi.

"Sasa tusikie kama ziko nzima," akasema, akaubonyeza mmoja.

Kwanza kuku mmoja, yule aliyekuwa hajafungiwa vizuri. Halafu sauti ya mama wa shemeji, peke yake, kabla wengine hawajaingia. Sauti ile ni kubwa, nene, ina ukwaruzo pembeni. Mimi nimeisikia miaka yote nyuma ya ukuta, ikinisalimia. Shemeji alikuwa na miezi mingi hajashuka Baraka. Alibaki ameshika kompyuta pande zote mbili, na mdomo wake, ambao haujui kufungwa, ulifungwa hadi wimbo ukaisha. Halafu akajifuta pua, akasema baridi ya Fizi ni mbaya, akarudi kazini.

Mlango wenyewe ulimsumbua. Aliandika maneno kwenye kioo cheusi, akaizima, akaiwasha: mistari miwili. Akaandika mengine, akaizima, akaiwasha: mistari miwili tena. Akaitukana kwa Kibembe. Mara ya mwisho tulisimama wote nyuma ya kiti chake, mistari haikutokea, kanukta kakazunguka, kakazunguka, na picha ya kwaya wamevaa vitenge vya sare ikajaa kioo. Bureau nzima ikapiga vigelegele. Nilipotaka kuifunga, watu wanne walinizuia kwa pamoja: "Usizime!"

Jumapili spika ziliimba. Wageni wa Kazimia walisimama kabla hawajaombwa, wengine wakajibu kiitikio, na kuku naye alisikika, akapewa amina. Mimi nilikaa nyuma karibu na konvertisere ya kanisa na sikumruhusu mtu kuchomeka simu, awe shemasi, awe nani.

Jioni mama mkwe alikuja na kukaa mahali pake, mgongo kwangu. Nilijiandaa kupokea shukrani.

"Muulize mukwe yangu," akamwambia mke wangu. "Mu wimbo wa pili, ule mama anapiga makelele, anafunika benzake bote, ni nani?"

Mke wangu alinitazama. Mimi nikalitazama bati. Katika wimbo wa pili hakuna anayefunika wenzake isipokuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa anauliza. Heshima ya ukwe imenifundisha mengi: pa kukaa, pa kupita, namna ya kukohoa. Jibu la hapo haijanifundisha.

"Mwambie mama," nikasema mwishowe, "ni ile ugonjwa ya ordinatere. Haiyaisha vizuri."

Akaletewa. Akafikiri.

"Basi aitoshe. Lakini aende pole, asiharibu sauti yangu."

Nikajifungia ndani na kompyuta. Sikugusa kitu chochote. Nilikaa muda unaomfaa fundi, nikajikuna, nikaugua kwa nguvu ili nisikike nafanya kazi, kisha nikaupiga wimbo uleule dirishani, sauti nimeipunguza kidogo tu. Aliusikiliza mpaka mwisho, kichwa kinafuata.

"Mwambie mukwe yangu," akasema, "sasa iko sawa. Ule mama ametoka."

Mke wangu aliinuka ghafla, akaingia jikoni. Nilimsikia akicheka ndani ya sufuria.