Mashati Manne Niliyoyafifisha

Kuna kanisa moja pale Homa Bay ambalo nikilikaribia huvuka barabara, na watu wa kwetu Rongo wakiniona hudhani nimehama dhehebu, nami huwaacha wadhani hivyo kwa sababu ukweli wenyewe ni wa aibu, na leo nausema kwa kuwa nimechoka kuubeba.

Kwanza mnijue. Mimi sikupelekwa Uingereza na mjomba wala kwa harambee. Niliuza sukari-guru hapa Rongo mpaka nikajilipia nauli, nikaosha sahani za watu huku nikisoma, nikapata diploma ya sanaa (ipo ukutani, ina fremu), kisha nikaajiriwa miaka minne katika karakana ya kupaka rangi vijisanamu vya askari, vidogo kama kidole gumba, ambavyo wazungu watu wazima hununua na kuvipanga kabatini. Msicheke. Ni kazi ya heshima, na brashi yake ina nywele za kuhesabika.

Pale karakanani kulikuwa na rafu ya vijisanamu vya zamani, koti jekundu tu, shavu la waridi tu, vinang'aa kama sahani, na vilipakwa na mafundi waliosifiwa enzi zao. Sisi tuliokuja baadaye tulipaka tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kivuli kwenye mkunjo wa nguo, mwanga begani, vumbi kwenye buti. Msimamizi wetu alipenda kutuonyesha rafu ile na kusema viwango vimebadilika, na neno hilo nililibeba mpaka nyumbani kama cheti cha pili.

Nilirudi katikati ya miaka ya tisini, nikakodi nusu ya kibanda pale Homa Bay karibu na ufuo. Nusu ya pili ilikuwa ya Mama Achieng, mama mmoja mkavu wa maneno, aliyeandika majina kwenye mitumbwi na ambaye hakuwahi kuingia darasa la sanaa. Aliniita Diploma, na mwanzoni nilidhani ni kwa heshima.

Mwaka huo mtumbwi mmoja wa kisiwa cha Takawiri ulipotea na watu wanne, na miili haikupatikana. Familia zilifanya kama ilivyo desturi yetu Wajaluo, zikazika tunda la yago, lile refu lenye umbo la mtu aliyelala, kila tunda mahali pa mtu wake. Baadaye kanisa likaomba mtumbwi mdogo wa mbao wenye vijisanamu vinne, ubarikiwe Jumapili na kutundikwa ndani, ili walioachwa wawe na kitu cha kutazama. Seremala alichonga. Mama Achieng akapaka. Aliwauliza wafiwa kila mtu wao alivaa nini siku ile, kisha akapaka shati moja jekundu, moja la njano, moja la buluu na moja jeupe, rangi nzito ya mafuta, macho nukta mbili, basi.

Niliuangalia ule mtumbwi Ijumaa nikacheka.

"Mama, hii ni kazi ya zamani. Siku hizi viwango vimebadilika."

"Viwango vya nani?"

"Vya kitaalamu. Hakuna kivuli hapa. Shati la mvuvi haliwi jekundu hivi, limepigwa na jua."

"Omera, ndugu yangu, mama yake Ouma, yule wa shati jekundu, haoni vizuri. Atakaa benchi la mbele na bado ataona ukungu. Jekundu ataliona."

"Niachie nirekebishe kidogo tu."

"Wewe ndiye mwenye diploma," akasema, akaenda kwa binti yake anayeishi Mbita, na mimi (hapa ndipo nilipojimaliza) nikachukua thina ya kuyeyushia rangi nikafuta kazi yake yote.

Nilipaka siku mbili. Nasema bila aibu kwamba sijawahi kupaka vizuri hivyo, hata Uingereza. Mashati yalikuwa yamefifia kama mashati ya kweli ya ziwani, ukisogeza jicho karibu unaona kwapa limeloa, na lile jekundu lilikuwa limebaki dalili tu ya wekundu. Asubuhi ya Jumapili nikapaka vanishi, nikaona haitakauka kabla ya ibada, nikauweka mtumbwi juu ya ukuta upande wa ziwa upigwe na upepo, kisha nikaingia kunyoa ndevu. Juu ya maji kulikuwa na kitu kama nguzo ya moshi. Nikasema labda wanachoma makaa huko ng'ambo. Mtu yeyote wa Homa Bay angejua kwamba ule si moshi bali ni usubi, vijinzi vya ziwani viendavyo kwa makundi, na kwamba ukiuona huachi nje hata sufuria ya maziwa, lakini mimi ni mtu wa Rongo, wa miwa, na nilikuwa nimekaa nje ya nchi miaka mingi.

Nilipotoka, mtumbwi ulikuwa mweusi. Wadudu walikuwa wamenata kwenye vanishi kila mahali, usoni, begani, ndani ya mikunjo niliyoipaka kwa subira. Nikawatoa kwa kibano, mabawa yakabaki. Nikapangusa kwa thina, mabawa yakatoka na nyuso zikatoka nayo, na mashati manne yakawa rangi moja, ya matope. Kengele ya kanisa ikalia. Nikaubeba hivyo hivyo, nikijiambia kwamba kwa mbali hawataona.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilikuwa nimemwomba mchungaji anitambulishe, diploma na yote, naye akanitambulisha. Kisha akawaita wa familia waje wamguse kila mmoja mtu wake. Mama yake Ouma akaja wa kwanza, akishikwa mkono. Aliinama karibu sana.

"Ouma yuko wapi? Alikuwa na shati jekundu, nilimfulia mimi mwenyewe."

Nikachukua kipaza sauti nikaanza kueleza habari za kivuli na mwanga, na jinsi kazi hii inavyofanywa siku hizi. Mvuvi mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Tulizika yago kwa kukosa mwili. Leo tumeletewa nzi." Hakuna aliyecheka, na ingekuwa nafuu kama wangecheka.

"Baba," mama yake Ouma akaniambia, "niambie tu ni yupi."

Sikujua. Mimi niliyewapaka sikujua tena. Ningesema sijui, mambo yangeishia hapo. Nikanyoosha kidole kwa yule aliyekaa nyuma na kasia, nikasema, "Huyu." Akamshika kwa vidole viwili, akaanza kuongea naye kwa Kijaluo, polepole, mambo ya nyumbani.

Ndipo mwanamke mwingine akasema, "Mama, huyo si Ouma. Aliyekaa nyuma ni mume wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza."

Mama yake Ouma aliachilia kile kijisanamu kama mtu aliyeshika kaa la moto, akaomba radhi, yeye, akamwomba radhi mjane, kisha akaomba apelekwe nje.

Jumatatu Mama Achieng alirudi kutoka Mbita, akapaka upya bila kunisemesha. Mashati yakawa kama alivyoyapaka mwanzo, na Jumapili iliyofuata ukisimama langoni uliliona lile jekundu ndani kabisa kanisani. Mama yake Ouma aliitwa aje. Alituma jibu kutoka kisiwani kwamba amemzika mwanawe mara mbili, ya tatu hawezi.

Mimi nilirudi Rongo mwezi ule. Bado nasema viwango vimebadilika, na anayebisha aje tukae mezani nimwonyeshe kwa brashi. Lakini nimeapa, na kiapo hicho nimekishika: sipaki shati la mtu kabla sijamwuliza aliyemfulia.